Leseni ya Jane Couch: Ngumi, Sheria na Fedha nchini Uingereza, 1994–2008

Mapema mwaka 1998, katika mahakama ya masuala ya kazi huko Croydon, kusini mwa London, bingwa wa dunia alikuwa anaomba ruhusa ya kufanya kazi yake. Aliitwa Jane Couch. Alikuwa na miaka 29. Tangu 1996 alikuwa anashikilia mkanda wa dunia wa uzani wa welta wa shirikisho la WIBF, na alikuwa ameshautetea nchini Marekani. Kwao Uingereza hakuwa na leseni. Chombo kinachotoa leseni kwa mabondia wa kulipwa, yaani Bodi ya Udhibiti wa Ngumi ya Uingereza, kilikuwa hakijawahi kumpa mwanamke leseni hiyo tangu kilipoundwa mwaka 1929.

Sisi tuliokulia Uganda tunapohesabu mabondia huanza na Eridadi Mukwanga na Leo Rwabwogo, waliorudi na medali kutoka Olimpiki ya Mexico mwaka 1968. Kisha tunawataja Ayub Kalule, John Mugabi na Kassim Ouma. Ni wanaume watupu. Kiswahili chenyewe hakina hatia katika jambo hili, maana bondia ni bondia tu, awe Juma au Asha. Ni wahariri wa magazeti wanaoongeza "wa kike", na sijaona hata siku moja wakiandika "bondia wa kiume".

Nimemchagua Couch kwa sababu ya kesi yake. Kwa uwezo wa ulingoni wapo waliomzidi, na wawili watatu walimpiga, kama tutakavyoona. Lakini kwingi duniani wanawake walizuiwa kupigana kwa maneno ya mdomoni na kwa kunyamaziwa, mambo ambayo mwanahistoria hana pa kuyashika. Huko Croydon waliozuia walilazimika kutoa sababu zao mbele ya mahakama. Hoja yangu ni kwamba kesi ile ilimpa Couch haki bila kumpa soko, na anayeisoma kesi peke yake anaiacha nusu ya historia ya bondia huyu.

Couch alizaliwa mwaka 1968 mjini Fleetwood, mji wa wavuvi katika pwani ya kaskazini magharibi ya Uingereza. Alipokuwa mtoto mji huo ulipoteza riziki yake. Mwaka 1976 Uingereza ilishindwa katika mgogoro wake na Iceland juu ya maji ya kuvulia samaki, na meli za Fleetwood zilizozoea kwenda mbali zikaanza kukosa pa kwenda. Yeye mwenyewe amesimulia hadharani kwamba alifukuzwa shule na kwamba ujana wake ulikuwa wa kazi za kiwandani, pombe na ugomvi wa mitaani. Akiwa katikati ya miaka ya ishirini aliona katika televisheni filamu ya hali halisi kuhusu wanawake wa Marekani wanaopigana ngumi kwa malipo. Akaingia gimu. Mwaka 1994 alipigana kwa mara ya kwanza, huko Wigan, katika pambano lililokuwa nje ya mamlaka ya Bodi, akamshinda mpinzani wake katika raundi ya pili.

Hakuwa Mwingereza wa kwanza kufanya hivyo, na hapa historia ina mkunjo unaostahili kutazamwa. Katika miaka ya 1720 Elizabeth Wilkinson alitangaza changamoto yake katika gazeti la London, akimtaka Hannah Hyfield wapigane, kila mmoja akiwa ameshika sarafu mkononi, na atakayeiangusha sarafu yake kwanza ahesabiwe ameshindwa. (Sharti hilo lilikuwa na akili: anayeshika sarafu hawezi kukwaruza wala kuvuta nywele.) Wanawake walikuwapo ulingoni mapema basi, karibu tangu ngumi zianze kuwa mchezo wa watazamaji nchini humo. Walitoweka baadaye, pale mchezo ulipowekewa kanuni, vyama na heshima.

Mwingine ni Barbara Buttrick, msichana wa Yorkshire ambaye kimo chake hakikufika futi 5. Mwishoni mwa miaka ya 1940 alipigana katika mahema ya maonyesho yaliyokuwa yakizunguka Uingereza, kwa kuwa kumbi za kawaida hazikumtaka. Katika miaka ya 1950 alihamia Marekani, na mwaka 1957 alimshinda Phyllis Kugler huko San Antonio, Texas, katika pambano la ubingwa wa dunia wa wanawake. Miongo kadhaa baadaye, akiwa mama mtu mzima anayeishi Florida, Buttrick ndiye aliyeanzisha WIBF. Kwa hiyo mkanda alioubeba Couch ulitolewa na shirikisho la Mwingereza mwingine aliyelazimika kuihama nchi yake ili apigane.

Mkanda huo Couch aliupata Mei 1996 mjini Copenhagen, Denmark, kwa kumshinda Mfaransa Sandra Geiger kwa pointi baada ya raundi 10. Mwaka uliofuata alimsimamisha Andrea DeShong huko New Orleans. Kufikia hapo alikuwa ameshajiunga na kocha Tex Woodward karibu na Bristol, katika gimu iliyokuwa shambani, mbali kabisa na kumbi za London. Lakini bondia asiyeweza kupigana kwao hana watu wa mtaani wa kununua tiketi, hana promota wa nyumbani wa kumjenga polepole kwa mapambano madogo, na kila anapopigana huwa mgeni. Anapokea pambano linapopatikana, mahali linapopatikana, kwa bei anayotajiwa. Woodward na Couch waliomba leseni, Bodi ikakataa, wakaenda mahakamani kwa msaada wa Tume ya Fursa Sawa.

Sheria waliyoitegemea ni ile ya Ubaguzi wa Kijinsia ya mwaka 1975. Ilikataza chombo kinachotoa vibali vya kazi kumnyima mtu kibali kwa sababu ya jinsia yake. Lakini kifungu chake cha 44 kilikuwa na mwanya wa michezo. Kiliruhusu mashindano kutenganishwa pale ambapo nguvu, pumzi au umbo la mwanamke wa kawaida humweka katika hali duni akishindana na mwanamume wa kawaida. Bodi ilijaribu kupita hapo. Jibu la upande wa Couch, uliowakilishwa na wakili Dinah Rose, lilikuwa rahisi kiasi cha kuchekesha: Couch hakuomba kupigana na mwanamume. Aliomba kupigana na wanawake, ambao nao wana mwili wa mwanamke. Kifungu hicho kilihusu jambo jingine.

Iliyobaki ni hoja ya kitabibu, na hii ndiyo iliyoingia katika magazeti ya dunia nzima. Bodi ilidai kwamba siku chache kabla ya hedhi mwanamke hubadilika, hana utulivu wa hisia na huwa rahisi kuumia. Ilisema wanawake huvilia damu upesi kuliko wanaume. Ilisema ngumi zitaumiza matiti, na kwamba mwanamke anaweza kupanda ulingoni akiwa na mimba asiyoijua.

Mgala muue na haki umpe. Si kila hoja hapo ilikuwa ya kuchekwa. Hatari ya mimba ni ya kweli, na leo katika nchi nyingi bondia hupimwa kabla ya pambano. Lakini angalia jinsi hatari hiyo inavyoshughulikiwa: mtu mmoja anapimwa, majibu yanasomwa, uamuzi unatolewa juu yake yeye. Hivyo ndivyo Bodi ilivyofanya kwa wanaume siku zote. Mwanamume mwenye tatizo katika ubongo alikataliwa kwa tatizo lake, na wenzake wakaendelea kupigana. Kwa wanawake Bodi haikupima mtu. Ilichukua hatari inayoweza kumpata mmoja siku moja, ikaifanya tabia ya wote siku zote.

Kuna jambo jingine ambalo waandishi wengi wa kesi hii hulipita, nami naona ndilo lenye uzito zaidi. Wakati Bodi ikisema mahakamani kwamba inawalinda wanawake, ilikuwa pia inadaiwa na mwanamume ambaye haikumlinda. Septemba 1991, katika uwanja wa White Hart Lane, London, Michael Watson alipigana na Chris Eubank na kupata jeraha la ubongo. Madaktari walikuwapo ukumbini, lakini hapakuwa na vifaa na utaalamu wa kumsaidia kupumua pale pale, na dakika zilizopotea ziliongeza madhara. Watson alikaa siku 40 bila fahamu na akabaki na ulemavu. Aliishtaki Bodi kwa uzembe. Mahakama Kuu ilimpa ushindi mwaka 1999, na Mahakama ya Rufani ikathibitisha Desemba 2000. Kati ya pambano la Watson na kesi ya Couch ulingo wa Uingereza ulikuwa umeshamuua Bradley Stone mwaka 1994 na James Murray mwaka 1995, na mwaka huohuo wa 1995 Mmarekani Gerald McClellan alipata jeraha baya la ubongo jijini London.

Ukiziweka tarehe hizi kando kwa kando, neno "ulinzi" linabadilika maana. Chombo kilichojali sana miili ya mabondia kingeanza na oksijeni kando ya ulingo. Sisemi kwamba viongozi wa Bodi walikuwa wanafiki. Yamkini waliamini walichosema. Walikuwa wamezoea kuona damu ya mwanamume kama gharama ya kazi na damu ya mwanamke kama fedheha, na mazoea hayo yalipohitaji kuvaa suti ya mahakamani yakavaa koti jeupe la daktari. Chama cha Madaktari cha Uingereza nacho kilipinga wanawake kupewa leseni, ila msimamo wake ulikuwa na uthabiti zaidi, kwa kuwa kilitaka ngumi zipigwe marufuku kwa watu wote.

Machi 1998 mahakama ilimpa Couch ushindi. Ilisema kwamba sababu za kitabibu zilizotolewa zilijengwa juu ya dhana za jumla kuhusu wanawake, na kwamba kumnyima leseni ni ubaguzi. Yafaa tukumbuke kwamba ngumi za ridhaa zilikuwa zimeshafungua mlango mwaka 1996, pale chama chao kilipoondoa katazo lililodumu zaidi ya karne. Kwa hiyo Bodi ilikuwa imebaki nyuma hata ya ndugu yake wa ridhaa.

Pambano la kwanza la wanawake chini ya leseni ya Bodi lilifanyika tarehe 25 Novemba 1998 huko Streatham, kusini mwa London, katika klabu ya usiku. Mpinzani alikuwa Simona Lukic kutoka Ujerumani, binti wa miaka 18. Couch alimmaliza katika raundi ya pili. Waandishi walijaa. Wengine walikuja kwa historia, wengine kwa kejeli, na wale wa kejeli walipata walichokitaka, kwa sababu pambano halikuwa na ushindani.

Hapa ndipo mwanafunzi wa historia anapaswa kuuliza kwa nini mpinzani alikuwa dhaifu hivyo. Jibu halimo katika mwili wa mwanamke. Nchi iliyokataa kuwapa wanawake leseni kwa miaka 69 haiwezi kuwa na wapinzani wa kutosha katika mwezi wa nane. Hapakuwa na makocha waliowafundisha wasichana, wala mapambano ya raundi 4 ya kuwakomaza, wala orodha ya uzani. Wakosoaji wakaonyesha matokeo ya katazo na kuyaita ushahidi kwamba katazo lilikuwa sahihi. Hoja ya aina hii tunaifahamu vizuri sisi tunaosoma historia ya ukoloni: humpeleki mtoto shule, kisha unasema hajui kusoma.

Miaka 10 iliyofuata haisimuliwi sana. Mapromota wakubwa wa Uingereza hawakumtaka Couch, na baadhi yao walisema wazi kwamba ngumi za wanawake si za kuonyeshwa. Hakuna mahakama inayoweza kumlazimisha promota kuuza tiketi za mtu. Bila promota hakuna televisheni, na katika ngumi za kulipwa fedha hutoka kwenye televisheni. Couch alipigana mapambano kadhaa nyumbani, kisha akarudi katika maisha yaleyale ya kabla ya kesi, yaani ndege, hoteli na ukumbi wa mwenzake.

Tarehe 21 Juni 2003 alipigana na Lucia Rijker jijini Los Angeles, usiku uleule Lennox Lewis alipopambana na Vitali Klitschko. Rijker, Mholanzi aliyetoka kwenye mchezo wa mateke na ngumi, alikuwa miongoni mwa wanawake walioogopwa kuliko wote wakati ule, na mabondia wengi walimkwepa. Couch alikuwa na miaka 34. Alishindwa kwa pointi, lakini alimaliza raundi zote akiwa amesimama. Alishindwa pia na Jaime Clampitt, na na Holly Holm huko New Mexico, nyumbani kwa Holm, yule ambaye mwaka 2015 alikuja kushangaza dunia kwa kumwangusha Ronda Rousey katika mchezo mwingine. Alipostaafu mwaka 2008 rekodi yake ilikuwa mapambano 39, kushinda 28 na kushindwa 11, na mengi kati ya hayo 11 yalikuwa ugenini.

Wapo wanaoitazama rekodi hiyo wakasema Couch alikuwa bondia wa kawaida aliyekuzwa na kesi. Sikubaliani nao kwa njia hii: rekodi ya bondia hutengenezwa kwa kiasi kikubwa na anayempangia mapambano. Bondia mwenye promota hupewa wapinzani 10 wa kupanda ngazi kabla ya yule mgumu. Couch alikubali wagumu kwa sababu ndio waliolipa nauli. Nambari 11 inaeleza soko kabla ya kueleza ngumi zake. Mwaka 2007 alitunukiwa nishani ya MBE, na baada ya kustaafu amesema katika mahojiano kwamba ngumi hazikumtajirisha.

Je, haki bila soko ni bure? Mifano ya jirani zetu inanizuia kujibu upesi. Kenya ilikuwa na Conjestina Achieng, aliyejaza kumbi na kurasa za michezo mwanzoni mwa miaka ya 2000. Hakuna mahakama iliyohitajika ili apigane. Lakini alipotoka ulingoni na kuugua hapakuwa na akiba wala bima iliyomngoja, na mara kadhaa Wakenya wamelazimika kuchangishana kwa ajili yake. Soko lilimpenda bila kumwekea chochote. Baada yake akaja Fatuma Zarika. Oktoba 2016 alikwenda Flint, Michigan, akamnyang'anya Alicia Ashley mkanda wa WBC, kisha Desemba 2017 akautetea jijini Nairobi dhidi ya Catherine Phiri wa Zambia. Wanawake wawili wa Afrika walipigania mkanda wa dunia kwenye ardhi ya Afrika, mmoja wao akiwa nyumbani. Couch hakukaribia kupata usiku kama ule katika miaka yake bora, ambayo ilikuwa kabla ya 1998.

Huko Uingereza fedha zilikuja baada ya Olimpiki ya London ya mwaka 2012, ya kwanza kuwa na ngumi za wanawake, ambapo Nicola Adams alitwaa dhahabu ya kwanza. Serikali ilikuwa imetoa fedha za kuwafundisha, televisheni ya taifa ikaonyesha, watu wakazoea. Aprili 2022 Katie Taylor wa Ireland na Amanda Serrano walijaza ukumbi wa Madison Square Garden jijini New York, na inaripotiwa kila mmoja alipata zaidi ya dola milioni 1. Oktoba mwaka huohuo ukumbi wa O2, London, ulikuwa na mapambano ya wanawake pekee, na pambano kuu likawa Claressa Shields dhidi ya Savannah Marshall.

Couch aliingizwa katika Jumba la Mashujaa wa Ngumi la Canastota, New York, mwaka 2024, akiwa na miaka 55. Buttrick alikuwa ameshatangulia, akichaguliwa katika kundi la mwaka 2020, akiwa karibu na miaka 90.